Mama ameliita gauni langu shimizi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, maana mchana siwezi kulisema jambo hili bila machozi kunilenga. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini, nafanya kazi kwenye duka la dawa. Kwetu ni Tandahimba. Ndoa yangu, Mungu akipenda, ni mwezi wa 12, zimebaki wiki nane. Mume wangu mtarajiwa hana neno. Anasema nivae ninachopenda. Shida haiko kwake.

Tangu 2018 nimehifadhi kwenye simu picha ya gauni alilovaa Meghan Markle siku anaolewa Uingereza. Simu nimebadilisha tatu, na kila mara picha hiyo naihamisha kwanza kabla ya kitu kingine. Gauni jeupe, halina shanga, halina lesi, shingo imekatwa wazi kutoka bega hadi bega, basi. Nilipoliona nilijua hilo ndilo langu, ila mimi nataka mikono ifike kwenye viganja, na nitavaa mtandio chini ya shela la kichwani. Ndoa yenyewe itafungwa mchana na mimi nitakuwa ndani na kanga zangu. Gauni ni la usiku, ukumbini.

Rafiki yangu alikwenda Dar es Salaam, nikamwagiza satini Kariakoo. Akaniletea mita 6, kila mita shilingi 9,000. Laini mno, ukiishika inateleza kama maji. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, mwanamke, anashona vizuri sana vitenge na sare za harusi. Nikamwonyesha picha, akasema, "Hili halina kazi, dada." Tukapatana 350,000, nikatanguliza 200,000.

Siku 11 zilizopita akaniita kujaribu. Shangazi, nilijitazama kwenye kioo nikakosa la kusema. Mishono yote ya ubavuni imekunjamana. Tumbo linaonekana, mstari wa nguo ya ndani unaonekana, hata nikivuta pumzi inaonekana. Shingo badala ya kusimama imelala. Fundi naye aliona. Akasema, "Usijali, tutapitisha lesi ubavuni na shanga kifuani, haitaonekana." Yaani kile nilichokikimbia ndicho kinachorudi.

Kibaya zaidi, mama alikuwa amekuja mjini siku hiyo, amekaa pale pale kwenye benchi la fundi pamoja na mke wa mjomba. Mama yangu si msemaji. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Hili ni shimizi." Kisha akaongeza, "Mimi nimepuliza salfa, nimepalilia, sasa naokota korosho mgongo unaniuma, ili mwanangu atoke mbele za watu na shimizi?" Mke wa mjomba akadakia kwamba kuna mtu Dar anakodisha magauni yenye waya chini na mawe yanayometa, 400,000 kwa siku moja, na mjomba yuko tayari kulipa.

Nikajibu vibaya. Nilisema, "Mama, hayo ya mawe na waya ni ushamba." Mbele ya fundi, mbele ya wifi yake. Mama alichukua mkoba wake akaondoka. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Nifanye nini? Nikubali lesi? Nikodi hilo la Dar? Nibadilishe fundi na wiki zenyewe ndizo hizi? Na mama nimwambie nini aelewe kwamba gauni lisilo na mapambo si gauni la mtu asiye na hela? Nyumba yake nzima ina vitambaa alivyodarizi mwenyewe, vya makochi, vya meza, hata cha kufunikia redio. Kwake kitu kizuri ni kile ambacho kazi ya mkono inaonekana.

Mwali wa Chikongola, Mtwara


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye neno moja: shimizi. Wewe umelisikia kama tusi. Mimi niliyekaa kwenye cherehani miaka 22 mjini Lindi nimelisikia kama neno la mtu anayejua nguo. Mama yako aliona sawasawa. Kile kitambaa laini kinachoteleza kama maji ndicho hasa kinachoshonewa mashimizi na nguo za kulalia. Amekitambua kwa jicho tu, akiwa kwenye benchi, kabla hata ya kukigusa. Fundi hakukitambua, rafiki yako hakukitambua, na wewe hukukitambua.

Lakini na wewe hukukosea. Gauni la picha yako ni zuri, na bibi harusi wa Mtwara ana haki ya kulitaka kama mwingine yeyote. Umekosea kitambaa tu. Wewe ulikuwa unatetea mkato, mama anakataa kitambaa, na hakuna aliyekuwepo pale wa kuwaambia kwamba mnazungumza vitu viwili.

Nianze na mama, kwa sababu gauni linaweza kungoja siku tatu na yeye hawezi. Acha kupiga simu. Jumamosi panda gari uende Tandahimba. Huu ni msimu, utamkuta chini ya mikorosho, basi vua viatu vyako vya mjini uokote naye. Usianze maneno ukifika. Kama unaogopa kuingia peke yako, pitia kwanza kwa somo wako aliyekufunda unyago, aende nawe. Kazi yake haikuisha siku ile ulipotoka ndani. Chukua na kipande cha ile satini iliyobaki, mama akishike mkononi, umwambie kwamba alikuwa sahihi, hiki ni kitambaa cha shimizi. Umwambie hivyo kwa sababu ni kweli. Halafu ile kauli ya ushamba uiombee radhi pale kwake, na ukirudi mjini uiombe tena mbele ya mke wa mjomba na mbele ya fundi. Aibu aliipata mbele yao. Ukiiomba jikoni mkiwa wawili tu, wale wengine wataendelea kukumbuka ile ya kwanza.

Na mjomba usimkatalie kwa simu. Unajua huku kwetu Kusini mjomba ana nafasi gani kwenye harusi ya mpwa wake. Mwendee, umshukuru, umwombe ile 400,000 aielekeze kwenye kitambaa kipya na chakula cha wageni. Gauni la kukodi nimewahi kulibana na pini kwenye migongo ya mabibi harusi wengi, limeshonwa kwa kipimo cha mtu usiyemjua, na asubuhi linarudi kwa mwenyewe. Sina zaidi la kusema juu yake.

Sasa tuje kwenye kitambaa, na hapa nitakaa kidogo.

Satini si jina la uzi, ni namna ya kufuma. Kwenye kitambaa cha kawaida, kama kanga, uzi wa urefu hupita juu ya uzi mmoja wa upana, kisha chini ya unaofuata, juu, chini, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwenye satini uzi huruka juu ya nyuzi nne au zaidi ndipo uzame chini ya mmoja. Huko kuruka ndiko kunakoleta mng'ao, maana mwanga unakuta uso ulionyooka. Na ndiko kunakoifanya ikwaruzike upesi, kucha iliyokatika ikipita juu yake inavuta uzi. Uzi wenyewe unaweza kuwa wa hariri au wa poliesta, mwembamba kama unywele au mnene. Wazee wetu wa pwani waliiita atlasi. Kwa hiyo mtu anayefika Kariakoo akasema "nipe satini" ni sawa na anayefika soko la samaki akasema "nipe samaki". Changu yupo, dagaa yupo, pweza yupo.

Gauni la Meghan Markle lilibuniwa na Clare Waight Keller, wakati huo akiwa Givenchy, nyumba ya mitindo ya Ufaransa. Hakutumia kitambaa kama chako. Alitumia hariri nzito ya tabaka mbili zilizounganishwa, yenye mng'ao uliopoa. Gauni zima lilikuwa na mishono sita tu, kila mmoja umewekwa kwa hesabu, na chini ya sketi kulikuwa na sketi nyingine ya ndani ya oganza, kitambaa chepesi kinachosimama, ya tabaka tatu ili ile ya juu isilale kwenye miguu. Unaona? Macho yanasema halina kitu, kumbe kazi yote imo ndani. Fundi wako aliposema halina kazi, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gauni la lesi fundi akikosea robo sentimita, lesi inafunika. La satini tupu halina pa kuficha. Kila kosa la mkasi, la sindano na la pasi litakuwa mbele za watu usiku kucha, chini ya taa za mpiga picha.

Kwa hiyo lesi ya ubavuni usiikubali hata kidogo. Kitambaa chepesi kikibebeshwa lesi na shanga kinavutwa chini, mikunjo inazidi, na utakuwa umelipia kitu ambacho wewe hukukitaka na mama yako hatakipenda.

Kulikuwa na njia ya kubaki na kitambaa hicho hicho: kulikata upya gauni kwa mshazari, yaani kwa pembe na si kwa kufuata uzi, likafuata mwili na kumwagika chini. Kitambaa laini kwenye mshazari kinapendeza sana. Ila linaonyesha umbo lote, na wewe umeniambia una mtandio, mikono mirefu, na ukumbi uliojaa wajomba na wakwe. Sidhani ungekaa nalo kwa raha. Badilisha kitambaa.

Ile mita 6 haijapotea. Mwambie fundi afumue vile vipande vya sketi alivyokwisha kata, viwe bitana ya sketi mpya. Matundu ya sindano kwenye satini hayafutiki, lakini kwenye bitana nani atayaona? Kitambaa laini ndani kitaifanya sketi nzito iteleze unapotembea. Kuanzia kiunoni kwenda juu usiweke poliesta ndani. Desemba ya Mtwara unaijua, joto na unyevu wa bahari pamoja, na jasho kwenye satini huacha alama ya maji. Kifuani na kwapani weka bitana ya pamba nyepesi inayonyonya.

Ukienda kununua, uliza satini nzito. Wauzaji wengine wanaiita dachesi, na ipo nyingine nzito inaitwa mikado, yenye ugumu kidogo na mng'ao mdogo. Usinunue kwa jina lakini. Shika kipande cha mita moja pembeni, kiache kining'inie: kikimwagika kama maji kirudishe, kikisimama na kufanya mikunjo mikubwa ya mviringo kama kengele ndicho. Weka kiganja chako nyuma yake, ukiviona vidole kirudishe. Kipige picha kwa simu ukiwa umewasha mwanga wa kamera, maana satini nyingine ya poliesta inarudisha mwanga mpaka inaonekana kama karatasi ya nailoni. Kuhusu rangi, mimi ningechagua ile yenye weupe wa tui la nazi kuliko ile nyeupe pe, kwenye ngozi zetu inatulia zaidi. Kwa upana wa sentimita 150, mita 4 hadi 5 zinakutosha, mradi usitake mkia.

Mkia nao acha. Desemba mvua zetu zimekwisha kuanza, na kutoka gari mpaka mlango wa ukumbi ni matope. Pindo liache sakafu kwa sentimita 2 ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyovaa siku hiyo. Viatu vinunuliwe kabla ya pindo kukatwa.

Na kama kitambaa kinatoka Dar, kiagize wiki hii. Wote tunakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilivyokatika Somanga na mizigo ikalala njiani. Mzigo wa harusi usiachwe mpaka wiki ya mwisho.

Kitambaa kikifika, kisikatwe. Nitalirudia hili: kisikatwe. Kwanza nunua mita 4 za marekani, ile pamba isiyopaushwa, ya bei ndogo. Jina hilo tulilipata karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wanaileta Zanzibar, ikatapakaa pwani yote mpaka bara. Fundi alishone gauni zima kwa marekani, kwa kupiga bandi tu, mishono mirefu ya kufumuka upesi, ulivae, ukae kitini, uinue mikono kama unayekumbatia watu, uiname kama unayekata keki. Palipobana papanuliwe, palipolegea pachukuliwe, hapo hapo juu ya mwili wako, kwa kalamu na pini. Likikaa, lifumuliwe, na vipande vya marekani ndivyo viwe kigezo cha kukatia satini. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu mteja hailipii. Wewe mwambie utailipia. Kwenye gauni lisilo na mapambo, marekani ndiyo inayoamua.

Nikupe kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilimshonea binti gauni la satini nzito, kitambaa kikawa kimepungua kama nusu mita. Nikakigeuza kipande kimoja cha sketi juu chini ili kienee. Ndani ya chumba changu, chini ya taa, sikuona tofauti. Siku anakuja kuchukua, tukatoka nje barazani, upande wa kulia wa sketi ulikuwa mweupe na wa kushoto kama una kivuli. Satini ina mwelekeo, mwanga unaipiga tofauti ukiigeuza. Nilinunua kitambaa kipya kwa fedha yangu na nikashona usiku tatu mfululizo. Yule binti alivaa akapendeza, lakini uso wake pale barazani sijausahau. Mwambie fundi vipande vyote vielekee upande mmoja, na kila kimoja akiwekee alama ya chaki kwa nyuma, juu ni wapi.

Mikunjo ya ubavuni uliyoiona ina sababu zake, na kitambaa ni moja tu. Fundi anayeshona vitenge kila siku huwa na sindano namba 14 au 16 kwenye mashine. Kwa satini hiyo ni msumari. Atumie namba 9 au 11, mpya, na aibadilishe mara tu ikianza kugonga. Uzi wa mashine aulegeze kidogo, na mshono aujaribu kwenye vipande vya pembeni mpaka ulale. Anaposhona akishike kitambaa mbele na nyuma ya sindano, kisivutwe na meno ya mashine. Pini ziingie kwenye ile sehemu ya mshono tu. Na pasi, mwanangu: pasi ya mkaa isiukaribie mlango. Chembe moja ya jivu inatosha. Pasi ya umeme, moto mdogo, kwa upande wa ndani, juu ya kitambaa cha pamba, bila kunyunyiza maji, kwa sababu tone la maji kwenye satini hukauka na duara lake.

Kuhusu kubadilisha fundi, mimi nisingembadilisha bado. Hakukuibia. Alikubali kazi asiyoijua kwa sababu picha ilimdanganya, na wewe ulimpelekea kitambaa ambacho hakikufaa. Nenda ukazungumze naye bila hasira, mwonyeshe maelezo haya. Akikubali kuanza na marekani, na akakubali kufumua, muongezee fedha, maana sasa unamwomba kazi mpya. Ile 150,000 iliyobaki ilipwe gauni likiwa limejaribiwa mara ya mwisho. Akisema marekani ni kupoteza muda, hapo mshukuru, chukua kitambaa chako na utafute mwingine wiki hiyo hiyo. Wiki nane zinatosha kwa gauni moja. Wiki tatu hazitoshi.

Jaribio la mwisho lifanyike kabla hujawekwa ndani. Zikishaanza singo na liwa, gauni usiliguse. Mafuta ya nazi na manjano hayatoki kwenye satini, na hina mbichi ndiyo kabisa, kidole kimoja tu kimeharibu magauni niliyoyaona kwa macho yangu. Wenye hamu ya kulifukizia udi, wafukizie kanga na mtandio. Poliesta juu ya chetezo inayeyuka. Gauni lining'inizwe, lifunikwe kwa shuka nyeupe ya pamba, si nailoni, kwa sababu nailoni kwenye hewa ya huku inafungia unyevu ndani. Na nguo ya ndani iwe ya rangi ya ngozi yako, isiyo na mishono minene. Nyeupe chini ya nyeupe ndiyo inayoonekana.

Sasa nirudi kwa mama yako, kwa sababu ulichoniuliza juu yake kinanigusa kuliko cherehani zote. Umeuliza umwambie nini aelewe. Mimi naona anaelewa. Amefanya kazi msimu mzima, na anataka siku hiyo watu waione kazi yake juu ya mwili wa mwanae. Kwenye mawe na shanga angeiona. Kwenye gauni lako tupu haioni mahali ilipo, na anahisi umemtoa kwenye harusi yako. Kitambaa kizito kitampa nusu ya jawabu. Mpeleke dukani akichague yeye. Mwanamke anayejua kanga nzuri kwa kuisugua kwa vidole viwili hatadanganywa na muuza satini.

Nusu ya pili iko kwenye ile ile harusi uliyoihifadhi kwenye simu. Tazama picha vizuri, usitazame gauni, tazama shela. Lilikuwa na urefu wa mita 5, limedariziwa kwa mkono maua ya nchi zote 53 za Jumuiya ya Madola za wakati huo, na Tanzania imo humo. Waliolidarizi walikuwa wananawa mikono kila baada ya dakika 30 ili uzi na neti visichafuke. Gauni liliachwa tupu kabisa, na kazi yote ya mkono ikawekwa kichwani.

Una mama anayedarizi. Kwa nini shela lako linunuliwe?

Usimpe mita 5, ni msimu wa korosho na mgongo unamuuma. Nunua neti laini ya mita 2, na umwombe adarizi upindo wa mbele tu, ule unaopakana na uso wako, upana wa vidole vinne. Maua ya mkorosho yanafaa, ni madogo, yamekaa kwa vishada, yana michirizi ya waridi ambayo kwa uzi wa rangi ya tui na mstari mmoja mwembamba wa waridi itapendeza bila kupiga kelele. Hayo anayajua bila kuonyeshwa, ndiyo anayoyalinda kwa salfa kila mwaka. Kama macho yamechoka, dada zako wamsaidie majani na yeye afanye maua. Ukiingia ukumbini, atakayekusogelea kukutunza ataona gauni lililotulia, halafu karibu na uso wako ataona mkono wa mama yako, na mke wa mjomba atakuwa wa kwanza kuwaeleza watu ni nani aliyedarizi.

Kwenye ule mkoba wa Jumamosi, pamoja na kipande cha satini, tia neti robo mita, sindano nyembamba na vibunda viwili vya uzi. Aanze na ua moja tu, muone linavyokaa.